Kurejesha ni Kusahau

Kompyuta nyingi zilizotuzunguka hazina kioo wala kibodi, na wenye nazo hawaziiti kompyuta. Zimo ndani ya king'amuzi kilichokaa chini ya televisheni, ndani ya mita ya umeme ya LUKU, ndani ya ruta inayoleta intaneti dukani, ndani ya kidhibiti cha pampu ya kisima inayoendeshwa kwa umeme wa jua, na ndani ya simu. Kila moja imepewa kazi yake, nayo huifanya usiku na mchana bila kusifiwa. Siku inapogoma ndipo mwenyewe anapogundua kwamba ndani mlikuwa na mfumo mzima: programu ya kuiwasha, programu za kuendesha vipuri, mipangilio, nywila, na kumbukumbu za mambo iliyoyafanya tangu itoke kiwandani.

Kwa ajili ya siku hiyo mafundi wana dawa. Kifaa kikiwa bado kizima, wananakili kila biti iliyomo, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na kuziweka zote katika faili moja linaloitwa imeji. Kifaa kikiharibika, imeji huandikwa tena juu ya memori yake, nacho huamka kama kilivyokuwa siku ya kunakiliwa: mipangilio ileile, majina yaleyale, hata makosa yaleyale. Ukilitazama jambo hili kwa haraka utadhani binadamu amepata njia ya kurudisha wakati nyuma.

Wakati haurudi. Kinachorudi ni kifaa, na kinarudi kikiwa hakijui lolote lililotokea tangu siku ile. Kila imeji inaporejeshwa kuna kipindi cha maisha kinachofutwa, kiwe cha saa moja au cha miaka mitatu. Ndiyo maana naona kwamba kuweka nakala ni kazi ya kuamua kipi kinaweza kusahaulika bila kumdhuru mtu. Wengi wetu huiahirisha kazi hiyo hadi siku ya msiba, na siku hiyo tunakuta mtu mwingine ameshatuamulia.

*

Waliolielewa jambo hili mapema ni wahandisi wa MIT, huko Massachusetts, waliobuni kompyuta ya vyombo vya Apollo katika miaka ya 1960. Kompyuta hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi, na kumbukumbu zake zilikuwa za aina mbili zisizochanganyika. Ya kudumu ilikuwa na nafasi 36,864. Ya kufutika ilikuwa na nafasi 2,048 tu.

Ile ya kudumu ilifumwa kwa mkono. Katika kiwanda cha Raytheon mjini Waltham, wanawake walipitisha nyaya nyembamba kwenye vipete vidogo vya sumaku. Waya uliopita ndani ya kipete ulisomeka moja. Uliopita nje yake ulisomeka sifuri. Programu ya kwenda mwezini ilikuwa kitu cha kushikika, kitu unachoweza kukibeba mikononi, na umeme ulipokatika haikupungukiwa na chochote. Kosa likigunduliwa baada ya kufumwa, kulirekebisha kulichukua majuma. Nafasi zile 2,048 za kufutika ndizo zilizobeba safari yenyewe: chombo kiko wapi sasa hivi, kinakwenda kasi gani, injini isukume kiasi gani.

Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa wanashuka kuelekea uso wa mwezi, kompyuta ilitoa onyo namba 1202. Rada moja, ambayo haikuhitajika wakati ule, ilikuwa ikiila muda wake, na kazi zikaizidi. Kompyuta ikaanza upya, hapo hapo, katikati ya mteremko. Ikaanza upya tena, na tena. Kwa kompyuta nyingi huo ungekuwa mwisho. Hapa waandishi wa programu walikuwa wameshaamua, muda mrefu kabla ya siku hiyo, kipi kibaki na kipi kitupwe mashine inapoanza upya. Hesabu za mahali na kasi zilibaki. Kazi ya kuongoza injini ilibaki. Kazi zisizo za lazima zilitupwa bila majadiliano, na chombo kikatua.

Simulizi za siku ile husifu akili ya mashine na utulivu wa marubani. Mimi kinachonivutia zaidi ni ule usahaulifu uliopangwa. Kulikuwa na ukuta kati ya kisichobadilika na kinachobadilika, na ndani ya kinachobadilika kulikuwa na mstari mwingine uliotenganisha cha lazima na cha ziada. Mtu alikaa mezani akauchora mstari huo akiwa na muda wa kufikiri.

*

Kisha ikaja kumbukumbu ya flashi, na ukuta ukabomoka. Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba, aliitambulisha mwaka 1984, na aina yake ya NAND, iliyomo ndani ya simu na kadi zetu za memori, ikafuata mwaka 1987. Flashi hushika data bila umeme kama ile iliyofumwa Waltham, na huandikika kama ile ya kufutika. Programu na data, mwongozo na shajara, vikaanza kulala kitanda kimoja.

Urahisi huo una gharama yake. Flashi haifutiki biti mojamoja. Hufutwa fungu zima kwa pamoja, na kila inapofutwa huchoka kidogo, hadi siku seli zake zinapoanza kukosea. Umeme ukikatika wakati kifaa kinaandika, fungu linaweza kubaki nusu la zamani na nusu jipya, lisifae kwa lolote kati ya hayo mawili. Anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa hahitaji kusoma kitabu ili kulijua hili. Kompyuta ndogo inayoendesha maktaba ya shule kutoka kwenye kadi ya SD huzimika ghafla kama taa, na asubuhi moja kiini cha mfumo kinatafuta faili ambalo jana lilikuwepo, hakilioni, nacho kinasimama.

Mfano mkubwa wa ukuta uliobomoka uko mbali zaidi na hapa. Januari 2004 roboti mbili za NASA zilitua kwenye sayari ya Mars. Spirit ilitua tarehe 4 katika kreta ya Gusev; Opportunity ilitua tarehe 25, upande wa pili wa sayari. Zilikuwa pacha, kila moja ikiwa na flashi ya megabaiti 256, ndogo kuliko ya simujanja yoyote inayouzwa leo.

Katika siku yake ya 18 ya Mars, Spirit ilinyamaza. Baadaye ikasikika, lakini ilichotuma hakikuwa na maana. Ilikuwa ikiwaka, inaanguka, inawaka tena, zaidi ya mara 60, ikishindwa kulala usiku huku betri yake ikipungua. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA mjini Pasadena, walipofuatilia walikuta kwamba flashi ilikuwa imejaa mafaili mengi mno, mengi yakiwa ya safari ya karibu miezi saba kutoka Duniani, ambayo hayakuwa na kazi tena. Kila ilipowaka, roboti ilijaribu kujitengenezea orodha ya mafaili hayo yote kwenye RAM. Orodha ilizidi nafasi iliyotengewa, programu ikaanguka, na jambo la kwanza ililofanya baada ya kuwaka tena lilikuwa ni kuijaribu orodha ileile.

Iliponywa kwa kuamriwa iwake bila kuisoma flashi kabisa. Ilipotulia, mafaili ya safari yakafutwa, na Februari flashi ikafomatiwa upya. Roboti iliyopangiwa kufanya kazi siku 90 iliendelea kuwasiliana hadi Machi 2010. Iliugua kwa kukumbuka kupita kiasi, ikapona kwa kusahau.

Opportunity ilipatwa na ugonjwa wa kinyume chake. Ilipotimiza miaka kumi, flashi yake ilikuwa imechoka. Septemba 2014 ilifomatiwa kutoka Duniani, na bado haikutengemaa. Ikabidi kwa vipindi virefu iendeshwe bila flashi: kilichokusanywa mchana kilikaa kwenye RAM tu, na kisipotumwa kabla roboti haijalala, kilipotea. Watu wa JPL waliiita hali hiyo amnesia, yaani kupoteza kumbukumbu. Walichofanya ni kuipanga siku ya kazi upya, ili kila chenye thamani kirushwe kuelekea Duniani kabla ya usingizi. Roboti isiyoweza kukumbuka jana yake iliendelea kutembea na kupima miamba, hadi dhoruba ya vumbi ilipoinyamazisha Juni 2018.

Hilo liliwezekana kwa sababu kumbukumbu ya roboti ilikuwa Pasadena. Kisichopaswa kusahaulika kilikuwa kimeshatoka mwilini mwa mashine, na kilichobaki mle ndani kingeweza kupotea kila jioni bila mtu kulia.

*

Kariakoo, Dar es Salaam, mafundi huita kazi ya kuandika upya memori kuflashi. Simu iliyoganda kwenye nembo ya kampuni huletwa kwenye meza ya fundi, naye huiunganisha na laptopu, hutafuta faili la mfumo la modeli ileile na toleo lile lile, kisha huandika upya. Kuandika kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kinachochukua muda ni mazungumzo ya kabla yake.

"Dada, picha zako umeziweka mahali pengine?"

"Hapana kaka, zote zimo humo humo."

"Basi ujue zitaondoka."

Hapo mteja hunyamaza. Anachotakiwa kuchagua ni simu nzima isiyo na chochote chake, au simu mfu yenye kila kitu chake. Simu za sasa hufunga data kwa ufunguo, kwa hiyo hata kuing'oa memori na kuisoma kwenye mashine nyingine mara nyingi hakusaidii. Wapo wanaosema, futa tu kaka, nina kazi nayo. Wapo pia wanaoichukua simu yao ikiwa imeganda vilevile, wanaifunga kwenye leso na kwenda kuiweka kabatini, wakingoja siku atakapopatikana fundi mwenye uwezo zaidi.

Wanaoelewa kompyuta huwacheka hawa wa pili. Mimi naona hesabu yao ni sahihi. Wameshatambua ni sehemu gani ya kile kifaa iliyokuwa yao. Mfumo ni wa kiwanda, na mamilioni ya watu wanao uleule. Ukipotea hapa unapatikana pale. Sauti ya mzazi aliyekwisha kufariki, iliyotumwa kwa WhatsApp asubuhi moja akiuliza kama mmeamka salama, ipo kwenye simu hiyo tu. Kosa lao halikuwa kukataa kuflashi. Ni kwamba hakuna aliyewaambia mapema kuwa vitu hivi viwili vimelazwa pamoja, na kwamba dawa ya kimoja ni sumu ya kingine.

Fundi mwangalifu ana sehemu nyingine anayoiogopa. Ndani ya simu kuna kipande kidogo cha memori kinachobeba IMEI, ile namba ya tarakimu 15, pamoja na vipimo vya redio ya simu hiyo. Faili la mfumo kutoka kiwandani halina IMEI yako, kwa kuwa faili ni la modeli nzima, na namba ni ya simu moja duniani kote. Ikifutwa kwa bahati mbaya, simu huwaka vizuri, hupiga picha, hucheza muziki, ila mtandao hauitambui. Kwa hiyo wazoefu hukinakili kipande hicho peke yake kwanza, ndipo wanagusa mengine.

Afrika Mashariki tulipewa somo la IMEI hadharani. Kenya ilizima simu bandia baada ya Septemba 2012 kwisha. Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Watu waliokuwa hawajawahi kuisikia namba hiyo walisimama vijiweni wakibonyeza *#06# na kulinganisha walichokiona. Namba iliyogongwa kwenye simu chungu nzima haikuwa tena utambulisho wa simu yoyote kati ya hizo. Kumbe kuna vitu vinavyoharibika kwa kupotea, na vingine vinaharibika kwa kunakiliwa.

*

Wanaonakili kompyuta ndogo kwa wingi hukutana na jambo hilohilo. Chukua kompyuta moja, iandae vizuri kwa ajili ya shule, weka masomo, weka kamusi, weka nywila ya mwalimu, kisha uchukue imeji yake na kuiandika kwenye kadi thelathini. Unadhani una kompyuta thelathini. Zikiunganishwa kwenye mtandao mmoja, kila moja inajitambulisha kwa jina lilelile na kutoa ufunguo wa siri uleule, na anayeujua ufunguo wa moja anazo zote. Mwaka 2015 nchini Hispania vilionekana kwenye intaneti vifaa zaidi ya 250,000 vyenye alama moja ya ufunguo.

Kwa sababu hiyo, anayetengeneza imeji ya kugawa huisahaulisha kwanza. Hufuta funguo, namba ya utambulisho, historia ya amri na majina ya mitandao ya Wi-Fi, kisha huacha maagizo kwamba kila mashine, inapowaka mara ya kwanza, ijitengenezee funguo zake yenyewe.

Kusahaulisha huko si rahisi kama kubonyeza kitufe cha kufuta. Kwenye Unix na Linux, amri kongwe ya kunakili memori nzima ni dd, iliyokuwepo tangu miaka ya 1970. Haijui faili wala folda. Husoma baiti kutoka upande mmoja na kuziandika upande wa pili. Ukichanganya chanzo na kikomo, itaifunika kazi yako yote kwa utupu wa kadi mpya, na haitauliza kama una uhakika. Kadi ya gigabaiti 32 yenye data ya gigabaiti 3 hutoa faili la gigabaiti 32, kwa kuwa hata nafasi zilizo wazi hunakiliwa. Na nafasi hizo kwa kweli haziko wazi. Faili linapofutwa, mara nyingi mfumo huandika tu kwamba mahali pale panaweza kutumika tena. Maneno yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Barua uliyoifuta mwaka jana inaweza kuwamo ndani ya imeji uliyompa rafiki leo. Mafundi hujaza sifuri kwenye nafasi hizo kabla ya kunakili, wengi wao wakitaka tu faili libanike vizuri, na hapo hapo wanaisitiri siri ya mwenye kadi.

Kunakili mfumo ambao bado unaendelea na kazi kuna hila yake. dd inaposoma mwanzo wa kadi ni saa nne kamili. Inapofika mwisho ni saa nne na dakika ishirini, na katikati programu zimeendelea kuandika. Hazina ya data inakuwa na ukurasa mmoja wa kabla na mwingine wa baada. Imeji inayopatikana ni ya dakika ambayo haikuwahi kuwepo. Ndiyo sababu ya ule ushauri wa kale unaowachosha wenye haraka: zima kwanza, toa kadi, ndipo unakili.

Na ukishairejesha, mashine inaamini kwamba siku ile bado inaendelea. Raspberry Pi, iliyoingia sokoni Februari 2012, ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kuwekewa saa ya kuendelea kuhesabu umeme ukizimwa. Badala yake, mfumo wake uliandika muda kwenye kadi wakati wa kuzima, na kuanzia hapo wakati wa kuwaka, mpaka intaneti iupe saa sahihi. Kwenye kituo cha kupima mvua, imeji iliyochukuliwa Novemba, ikirejeshwa Aprili mahali pasipo na intaneti, itaipima mvua ya masika na kuiandika kuwa ni mvua ya vuli. Intaneti nayo ikiwepo, kabla saa haijasahihishwa, vyeti vya usalama vilivyotolewa mwezi uliopita vinaweza kuonekana kwa mashine hiyo kama vitu vya siku zijazo, nayo ikakataa kuzungumza na yeyote.

*

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza. Matundu ya usalama yaliyozibwa tangu siku ya kunakili hurudi yakiwa wazi, na kila anayeyatafuta anajua yalipo. Baadhi ya simu hukataa kabisa kurudishwa kwenye toleo la zamani, kwa kuwa mwizi naye angependa kuzirudisha huko. Flashi iliyowekwa sandukuni kwa miaka hupoteza chaji iliyoshika data yake.

Alama ya uhakiki ya SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64, itakuhakikishia kwamba faili halijabadilika tangu siku ulipolitengeneza. Haitakuambia kama faili hilo linawasha kifaa. Mkulima aliyetundika mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko hajui kama mbegu ni hai mpaka aoteshe chache. Imeji nayo ni hivyo: iandike kwenye kadi ya pili, iweke kwenye kifaa, iwashe, uone. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kadi ya pili, ingawa imeandikwa gigabaiti 32, ni ndogo kidogo kuliko ya kwanza, na mwisho wa mfumo hauna pa kukaa. Ni afadhali kuligundua hilo siku ya majaribio.

Katika miaka ya karibuni waundaji wa vifaa wameanza kuujenga tena ule ukuta wa Apollo, safari hii kwa programu. Mfumo wa ruta wa OpenWrt, kwenye vifaa vingi, huweka mfumo wenyewe katika sehemu isiyoandikika, na mabadiliko yote ya mtumiaji katika sehemu nyingine iliyotandikwa juu yake. Kurudi mwanzo ni kulitoa tandiko hilo. Android, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, iliruhusu simu kubeba nakala mbili za mfumo: toleo jipya huandikwa kwenye nakala iliyopumzika, na likishindwa kuwaka, simu hurudi kwenye nakala ya zamani. Data ya mtumiaji hukaa pembeni, haiguswi na mabadilishano hayo. Mfumo unaweza kufa na kufufuka mara nyingi, na picha zikabaki.

Hata hivyo ukuta huo umejengwa na kiwanda, kwa macho ya kiwanda. Ukiibonyeza ruta kwenye kile kitundu cha nyuma kwa ncha ya pini, kifaa kinarudi "kama kipya", na maana yake ni kwamba yote yaliyofanyika tangu kitoke sandukuni yamehesabiwa kuwa uchafu. Nywila aliyoiweka mwenye duka, mipangilio ambayo fundi alikesha akiitafuta ili mtandao ufike chumba cha pili, orodha ya vifaa vya jirani vilivyozuiwa: kwa kiwanda hakuna kati ya hivyo kinachostahili kukumbukwa. Kiwanda hakiwezi kufikiri vinginevyo, maana hakikuwepo.

Kwa hiyo mstari mwingine inabidi auchore mwenye kifaa, na ninapendekeza auchore akiwa hana shida, kama walivyofanya wale wa Apollo. Vilivyomo ndani ya kifaa chake ni vya namna tatu. Kuna vya kiwanda, ambavyo mtu yeyote anavyo. Hivyo imeji moja iliyojaribiwa inatosha, na kuvisahau hakuumi. Kuna vya kifaa chenyewe, kama IMEI na funguo. Hivyo vitunzwe peke yake, kwa siri, na visiandikwe kwenye kifaa kingine. Na kuna vya maisha: vipimo, majina, hesabu za duka, alama za wanafunzi, sauti za watu. Hivi haviwezi kuokolewa na imeji ya mwezi jana hata ikiwa kamilifu, kwa sababu vingi kati ya hivyo havikuwa vimezaliwa siku ile. Vinahitaji njia ya kutoka kila siku, kama ile ya Opportunity kabla ya kulala, hata kama njia hiyo ni daftari tu ambamo mwalimu ananakili alama kwa kalamu kila Ijumaa.

Akishafanya hivyo, kuharibika kwa kifaa kunakuwa kazi ya fundi, yenye bei na muda wake. Fundi atauliza kama afute, na jibu litakuwa jepesi.